Meza ya Gari Letu Ilivyoacha Kucheza

Wiki hii hatuandiki juu ya mitihani wala juu ya mpira. Tunaandika juu ya meza. Msicheke kwanza, someni hadi chini.

Wengi wa hapa Nakivale mnalijua lile gari letu jeupe. Ni HiAce ya zamani ambayo mwenyewe aliigeuza kuwa nyumba ya safari: kitanda nyuma, kabati la vyombo pembeni, sinki dogo linalopata maji kutoka kwenye jerikani, na katikati meza. Meza yenyewe ina mguu mmoja tu. Mguu huo ni bomba la chuma la sentimita 70. Chini linaingia kwenye kikombe cha chuma kilichofungwa sakafuni, na juu linaingia kwenye kikombe kingine kilichofungwa chini ya ubao. Ukitaka kulala unachomoa bomba, unalaza ubao kati ya viti, kitanda kinakuwa kikubwa. Mwenye gari aliporudi kwao alituachia sisi.

Sisi hatulali ndani. Tunazunguka nalo siku mbili kwa wiki: Base Camp, Juru, Rubondo. Nakivale ni kubwa. Watu wanapokelewa hapa tangu mwisho wa miaka ya 1950, na mpaka leo kuna vijiji ambavyo mtu akitaka kuuliza jambo dogo ofisini anatembea masaa. Kwa hiyo gari linamfuata. Ndani tunasaidia watu kujaza fomu, kusoma ujumbe wa simu ulioandikwa Kiingereza, kuandika barua ya shule, kuandika barua kwa ndugu. Kazi yote hiyo inafanyika juu ya ile meza. Na ile meza ilikuwa inacheza.

Tuseme ukweli, tulikuwa tumeizoea. Mtu akiweka kikombe cha chai tunamwambia, shika kwa mkono. Mtu akiandika, mwenzetu mmoja anabana ubao kwa kiwiko upande wa pili. Kitu kibovu kikikaa siku nyingi kinakuwa kama desturi ya nyumba.

Mwezi wa tatu akapanda mama mmoja wa Rubondo. Ni mtu wa Kivu, na huko nyumbani alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alikuwa amesikia kwa watu kwamba mtoto wake wa kiume, waliyepotezana njiani, yuko kambi moja upande wa Tanzania. Akataka kumwandikia kwa ile karatasi ya Msalaba Mwekundu. Kwa wasioijua: ni barua ya wazi, haifungwi kwa gundi. Unaandika habari za familia tu, nani mzima, nani mgonjwa, nani amezaa, tunaishi wapi. Siasa haziingii, mambo ya vita hayaingii. Wao wanaisoma kuhakikisha hivyo, kisha wanaitafutia njia mpaka kwa mwenye jina, naye anaweza kujibu. Sisi hatupeleki barua. Sisi tunatoa kiti, kalamu na meza.

Tukamwambia, mama, wewe sema tu, sisi tutaandika. Akakataa.

"Mtoto yangu nilimufundisha kuandika mimi mwenyewe," alisema. "Anajua mukono yangu. Akiona mukono ya mutu mwingine, atasema mama alishakufa, watu wanamudanganya."

Basi akashika kalamu. Kila alipokandamiza, ubao ulishuka upande wake. Mtoto akipanda mlangoni, ubao uliruka. Mistari miwili tu, herufi zikawa kama za mtu mwenye homa. Akatazama karatasi muda mrefu.

"Na hii nayo? Akiona hii atasema mama iko mugonjwa sana."

Tulimpa kitabu aweke juu ya magoti, lakini mgongo wake haukubali kuinama. Akakunja karatasi, akaifunga kwenye kona ya kitenge chake, akashuka. Alisema tu, "Mutanipigia mukishatengeneza meza." Hakusema kwa hasira. Lakini neno lile lilibaki ndani ya gari baada ya yeye kwenda.

Jioni tukakaa kikao. Wa kwanza akasema tuombe meza mpya. Tukaandika ombi, tukalipeleka, tukajibiwa vizuri kwamba bajeti ya mwaka imeshapangwa, tungoje. Ndivyo pesa za msaada zinavyotembea, na meza ya kijana wa kujitolea haiwezi kupita mbele ya dawa. Wa pili akasema tuweke katoni chini ya mguu, kama watu wanavyofanya hotelini. Ila mguu wetu hausimami juu ya sakafu, umeingia ndani ya kikombe. Katoni utaiweka wapi?

Mzee anayetengeneza baiskeli karibu na tunapoegesha alikuwa anasikiliza. Akatuambia hivi: "Musiangalie pale kunacheza. Muangalie pale kunaanza."

Tulipokaa na kulipigia hesabu lile neno, tukaona ana haki. Kikombe cha sakafuni kina kina cha sentimita 5 hivi. Bomba lina sentimita 70. Maana yake urefu wa bomba ni mara 14 ya kile kina. Kukiwa na uwazi wa milimita 1 tu kule chini, juu kwenye ubao inakuwa milimita 14, karibu sentimita moja na nusu. Ndiyo maana jicho linaona ubao unayumba, wakati ugonjwa uko miguuni na ni mdogo kiasi kwamba hauonekani. Ukibana juu unahangaika na sentimita. Ukibana chini unashughulika na milimita.

Halafu tukafanya uchunguzi. Hauhitaji chombo. Mmoja anatikisa ubao polepole, mwingine anaweka vidole kwenye kila kiungo, kidole kimoja upande huu na kingine upande ule. Pale vidole viwili vinapoachana, ndipo kuna tatizo. Sisi tulipata sehemu nne, si moja.

Ya kwanza ilikuwa sakafu. Kikombe kilikuwa kimefungwa kwa skrubu fupi kwenye plaiwudi, na plaiwudi ilikuwa imekunywa maji ya sinki. Plaiwudi ikilowa mara kwa mara tabaka zake zinaachana kama kurasa za kitabu kilichonyeshewa. Skrubu haina cha kushika tena. Ukiikaza inazunguka tu.

Ya pili ilikuwa bomba na kikombe chake. Bomba hili halifungwi kwa kitu chochote. Ncha yake imechongwa ikawa nyembamba kidogo, ukiigonga inajibana yenyewe ndani ya kikombe. Inashikwa na msuguano tu. Sasa vumbi letu la hapa likiingia pale, kila safari linasaga chuma kama msasa. Miaka ikipita, uwazi unazaliwa.

Ya tatu ilikuwa juu, skrubu za kikombe cha pili kwenye ubao. Tundu zilikuwa zimepanuka.

Ya nne ilikuwa gari lenyewe. Gari linakaa juu ya springi na tairi zenye upepo. Mtu mmoja akipanda, nyumba nzima inayumba, na meza inayumba nayo. Hapo hata meza ya zege isingesaidia.

Mwenzetu mmoja amesoma useremala kwenye mafunzo ya ufundi hapa kambini, yeye ndiye alisimamia. Tunaandika hatua zote, juu kuna watu wenye magari ya kliniki, magari ya maktaba na hata vibanda vya simu vyenye shida hii hii.

Sakafuni tulikata sehemu iliyooza mpaka tukafika kwenye mbao kavu. Tukaweka kipande kipya cha plaiwudi ya milimita 18, upana sentimita 30 kwa 30. Kipande kikiwa kipana, nguvu inagawanyika, haikai sehemu moja. Kikombe tukakifunga kwa bolti nne za milimita 8 zinazopita plaiwudi na bati la chini la gari, si kwa skrubu tena. Upande wa chini tuliweka washa pana, vile visahani vya chuma, ili nati isizame kwenye bati. Na kila bolti ikapata nati mbili, ya pili inafunga ya kwanza, kwa sababu barabara zetu zinafungua kila kitu kinachofunguka.

Kabla ya kutoboa, tafadhali, ingieni chini ya gari muangalie. Huko ndiko zinapita paipu za breki, nyaya, na ndiko liko tangi la mafuta. Sisi tuliweka alama kwanza, tukapima kutoka pembeni kwa ndani na kwa nje mara mbili, tukatoboa tundu dogo la kujaribu, ndipo tukatoboa kubwa. Kwenye ncha ya drili tulifunga kipande cha mbao kiwe kama kizuizi, isizame kupita kiasi. Na gari lilikuwa limesimama kwa tairi zake zote, mahali tambarare, lina mawe mbele na nyuma. Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Baada ya kutoboa, paka rangi kwenye kingo za tundu. Bati lililotobolewa likiachwa hivyo linaanza kutu.

Kwa bomba, tulifuta ncha zote na vikombe vyote kwa kitambaa kikavu mpaka vumbi likaisha. Usipake mafuta wala grisi hapo. Watu wengi wakiona chuma wanataka kukipaka mafuta, lakini hapa msuguano ndio unaofanya kazi, ukipaka grisi umeufukuza. Uwazi uliobaki tuliuziba kwa kopo la soda. Bati la kopo ni jembamba sana, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Tukakata utepe, tukauzungusha kwenye ncha mara moja, tukagonga bomba lizame. Lilipobana sawasawa hatukuongeza. Angalieni vidole, kingo za kopo zinakata kama wembe.

Juu kwenye ubao, tulijaza tundu zilizopanuka kwa vijiti vyembamba vya mbao vilivyochovywa kwenye gundi ya mbao. Tukaviacha usiku kucha vikauke, tukavikata vilingane na ubao, asubuhi tukarudisha skrubu zile zile. Zilishika kama mpya.

Lakini mguu mmoja ni mguu mmoja tu. Ukiegemea pembeni, bado unaupindisha. Hapo fundi wetu akaleta wazo lililotufurahisha kuliko yote. Alipigilia ubao mwembamba kwenye ukuta wa gari, chini kidogo ya dirisha, ukingo wa meza ukae juu yake, na vikomeo viwili vya kuushika, kimoja kila mwisho. Sasa meza ina sehemu tatu za kusimama: mbili ukutani na moja sakafuni. Tatu ndiyo namba ya kutulia. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi popote unapokiweka, hata kwenye mawe, kwa sababu sehemu tatu siku zote zinapata ardhi. Mguu wa nne ndio unaoleta ugomvi. Wazee waliochonga vigoda walilijua hilo bila drili.

Kwa upande wa gari lenyewe, tumejiwekea sheria ya kuegesha. Tunatafuta mahali tambarare. Tunaweka juu ya meza chupa ya maji iliyojaa nusu, tukiilaza, na tunatazama maji yamesimama sawa au yameinama. Tunasogeza gari mpaka yatulie. Breki ya mkono, gia, mawe kwenye tairi. Halafu tunaweka magogo mawili yaliyokatwa kwa kipimo chini ya fremu upande wa nyuma, kila moja juu ya kipande cha ubao mpana, maana udongo wa mvua unameza gogo. Gari likishakaa juu ya magogo, mtu anapanda na kushuka, na ndani hakuna anayejua.

Gharama yote haikufika shilingi 20,000 za Uganda. Plaiwudi ilikuwa mabaki ya karakana, kopo tuliliokota, drili tuliazima. Tulichonunua ni bolti, nati, washa, vikomeo, gundi na rangi kidogo.

Tuongeze jambo moja kwa wale ambao hawana gari, wana meza ya kawaida ya miguu minne chini ya mti. Kabla ya kutafuta jiwe au katoni, izungushe kwanza. Kama miguu yako ina urefu sawa, meza ni ya mraba, na ardhi ina mabonde madogo lakini haina ngazi, basi ndani ya robo ya mzunguko kuna mahali ambapo miguu yote minne itagusa chini. Wanahisabati wameshalithibitisha hilo. Meza inaweza kuinama kidogo, lakini haitacheza. Kama imezunguka robo nzima na bado inacheza, pima miguu. Mmoja ni mfupi.

Sasa tunawageukia ninyi kaka na dada wa mashirika. Hatusemi vijana watengeneze kila kitu wenyewe, na hatusemi msilete meza mpya. Tunasema kitu kimoja. Mnapokuja kukagua, mnatuuliza tumehudumia watu wangapi. Tunawapa idadi, mnaandika, mnaenda. Siku ile ya mama wa Rubondo, kwenye daftari letu alihesabiwa. Alipanda, alikaa, alipewa fomu na kalamu. Kwa hesabu alikuwa amehudumiwa. Lakini alishuka na barua yake ikiwa imekunjwa kwenye kitenge. Kwa hiyo mkija, kaeni kwanza kwenye kile kiti cha mwenye shida, mshike kalamu, mwandike majina yenu. Mtajua mambo ambayo daftari haliyasemi. Kiti kikali, kivuli kisichotosha, mlango ambao mzee hawezi kupanda, sauti ya watu waliosimama karibu wakisikia siri ya mtu. Vitu hivyo havina safu kwenye ripoti, na vingi vinatengenezwa kwa bolti nne.

Na kwa vijana wenzetu: kambini tunajifunza kungoja. Tunangoja usaili, tunangoja mgao, tunangoja majina yabandikwe. Mambo hayo si yetu kuyaharakisha. Hatari ni pale kungoja kunapohamia kwenye vitu ambavyo viko mikononi mwetu. Ile meza haikuhitaji sahihi ya mtu yeyote. Ilihitaji mtu aweke vidole viwili kwenye kiungo na kutikisa polepole.

Tulimpigia yule mama siku gundi ilipokauka. Alikuja na karatasi mpya, ile ya kwanza alikuwa ameichana. Kabla ya kukaa aliweka viganja vyote viwili juu ya ubao, akakandamiza kwa uzito wake, kama mtu anayejaribu kitanda sokoni. Akatikisa kichwa kukubali. Akaandika karibu saa nzima. Sisi tulitoka nje tukamwachia gari, kwa hiyo hatujui aliandika nini. Tuliona tu, alipokuwa anatukabidhi, kwamba herufi zilikuwa za mwalimu: za duara, zimesimama juu ya mstari, kila moja mahali pake, kama zilizoandikwa ubaoni kwa ajili ya watoto wa darasa la kwanza.

Barua ilipokelewa na watu wa Msalaba Mwekundu wiki ile ile. Jibu bado. Kila tukifika Rubondo anakuja kutusalimia, hatuulizi, naye hatuulizi. Anakaa kidogo, anakunywa chai. Siku hizi kikombe anakiweka juu ya meza.

Sisi tumepanga zamu. Kila Jumatatu jioni mmoja wetu anaingia chini ya gari na kukaza zile nati, na mwingine anachomoa bomba na kufuta vumbi. Ni kazi ya dakika kumi. Spana namba 13 inakaa kwenye droo ya kushoto, imefungwa kwa kamba isipotee. Atakayelichukua gari baada yetu aikute pale.